Sini (kipande cha tukio moja kwenye hadithi) uliyoikata usiifute

Wale mnaoandika hadithi huku Mtwara mkaenda kuprinti steshenari, kabla ya kutuma mswada weka Times New Roman saizi 12, nafasi ya mistari dabo, pembeni inchi 1 kila upande, labda mchapishaji awe kasema vingine, na namba za kurasa ziweke otomatiki sio unaandika mwenyewe maana ukiongeza aya moja tu zote zinahama. Sura mpya usiishushe kwa enta enta enta, bonyeza Ctrl na Enter inaruka ukurasa. Kutenganisha sini weka # katikati basi, maua maua ya nini sasa.

Halafu sini unayoikata fungulia faili lake uite viporo. Ile ya watu kugombana foleni ya kivuko cha Msanga Mkuu inaweza isifae kwenye riwaya ila badilisha msimulizi na majina ikawa hadithi fupi safi kabisa. Kama ilishatoka mahali mwambie mhariri mapema, wengi hawataki kilichochapwa tayari. Na ukishabadilisha majina tafuta lile la zamani kwa Ctrl na F, utamkuta Somoe bado anapika kwenye hadithi ya Zuhura.