Wingu moja la NGC 1068 kwenye laptopu

Ukitaka kuiga kwenye kompyuta gesi ya NGC 1068, galaksi yenye shimo jeusi katikati, anza na wingu moja la gesi. Najua kiini cha NGC 1068 kinamulika mawingu chungu nzima, lakini ukiyaweka yote kwa mpigo hutajua ni lipi linalokudanganya.

Natumia Cloudy, programu ya bure ya kukokotoa mwanga utokao kwenye gesi iliyomulikwa, ambayo Gary Ferland alianza kuiandika Cambridge mwaka 1978. Ieleze umbo la mwanga wa kiini (unavyogawanyika kwa rangi), nguvu yake, msongamano wa gesi na elementi zilizomo. Elementi chukua kwa viwango vya Jua, utazichezea baadaye. Nguvu ya mwanga ni uwiano: kwa kila atomu ya hidrojeni, kuna fotoni (chembe za mwanga) ngapi zinazoweza kuing'oa elektroni? Kwa mawingu yaliyo mbali na kiini anza na moja kwa mia, yaani logi (kipeo cha 10) -2.

Kwenye logi ndipo nilipoumbuka. Nilitaka gesi nyepesi, atomu 10 tu kwa sentimita moja ya ujazo, nikaandika "hden 10". Programu ikasoma bilioni 10, wala haikulalamika. Mstari wa oksijeni (rangi yake moja ya mwanga) wa nanomita 500.7, ambao kwenye NGC 1068 unaushinda ule wa hidrojeni wa 486.1 kwa zaidi ya mara 10, ukafifia. Siku mbili nikalaumu umbo la mwanga! Kumbe ayoni ya oksijeni (atomu iliyopoteza elektroni) huhitaji zaidi ya nusu dakika kutoa fotoni hiyo, na gesi ikibanana hivyo elektroni huigonga kabla haijaitoa. Bila kujua nilikuwa nimeunda wingu la jirani na shimo jeusi. Atomu 10 ni logi 1; wewe anza na 3, upate atomu 1,000.

Sasa kagua. Mstari wa 500.7 uwe karibu mara 3 ya ule wa 495.9, ukikataa, umesoma safu isiyo yake. Hidrojeni ya 656.3 nayo iwe karibu mara 3 ya 486.1. Kama kwenye vipimo vya darubini imezidi hapo, ni vumbi: sahihisha kabla ya kulinganisha.

Baada ya hapo panga logi za mwanga kutoka -4 hadi -1 kwa hatua za 0.5, na za msongamano 2 hadi 5 kwa hatua za 1. Ni mawingu 28. Yaache yakokotolewe usiku, laptopu ikiwa mezani, si juu ya godoro.

500.7 ikikubaliana na vipimo vya darubini lakini oksijeni ya 630.0 ikapungua, tazama unene kwanza. Mstari huo hutoka nyuma ya wingu, ambako hidrojeni nyingi bado ina elektroni zake, na wingu jembamba halina sehemu hiyo. Unene ukiwa sawa na bado haufiki, ndipo uongeze wingu la pili.