Kutembelea Hifadhi ya Taifa Ruaha Ukitokea Iringa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamhusu msomaji anayetaka kwenda Ruaha akitokea Iringa mjini, kwa gari lake au la kukodi, na kulala huko angalau usiku mbili. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana, lakini sikupendekezi. Kutoka mjini hadi Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, ni takriban kilomita 130, na anayefanya haraka hiyo huwa bado yuko barabarani alfajiri, wanyama wanapotembea, kisha huingia hifadhini jua likiwa la utosi na simba wamekwisha kulala vichakani.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kufuata maji

Kuanzia Juni hadi Oktoba majani hupungua na wanyama hukusanyika kwenye maji yaliyobaki, hivyo ndio wakati mzuri kwa anayekwenda mara ya kwanza. Mvua zikianza, barabara za ndani huharibika na nyasi huficha wanyama, ingawa wapenda ndege huutaka msimu huohuo.

Mto Ruaha Mkuu hupata maji yake kutoka bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, upande wa Mbeya. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikatika kiangazi, na matumizi ya maji katika kilimo cha umwagiliaji huko juu, hasa mpunga, yanatajwa miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi, ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kwa mgeni, jambo hili lina maana ya vitendo: mwishoni mwa kiangazi usitarajie mto unaotiririka, bali madimbwi machache ambamo viboko wamebanana, na mito ya mchanga ambayo maji yake yako chini.

Hatua ya pili: maliza maandalizi yote mjini

Jaza mafuta Iringa, kagua tairi la akiba na jeki, na ubebe maji ya kunywa ya kutosha, kwa kuwa gari likiharibika porini msaada huweza kuchelewa. Chukua kitambulisho cha taifa, maana bila hicho huwezi kupata kiwango cha ada cha Mtanzania. Ada hailipwi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki, hivyo weka salio mapema kabla mtandao haujaanza kusumbua. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Acha nyumbani nguo nyeusi na za bluu, kwani huwavuta mbung'o, ambao ni wengi hasa kwenye mapori ya miombo.

Hatua ya tatu: simama Kalenga, kisha vijijini

Kalenga iko karibu na mji, kwenye barabara hiihii ya hifadhini, na kuipita bila kusimama ni kupoteza nusu ya safari. Hapa palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye majeshi yake yalikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu linaloaminika kuwa lake, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa katika makumbusho yaliyopo hapo. Ingia kwa heshima, na uulize kwanza kabla ya kupiga picha.

Mbele zaidi, shika njia inayopita Idodi na Tungamalenga. Ukimsalimu mzee wa Kihehe kwa "Kamwene", mazungumzo huwa mepesi zaidi. Wapo pia wafugaji wa Kimasai na Kibarabaig, na hao nao waombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Ukipita wakati wa mvua utakaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi. Dereva atashukuru na kukataa.

Hatua ya nne: ukiwa ndani, kaa kwenye maji

Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, usishuke garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa, na uwe kambini kabla ya giza. Ukitaka kutembea kwa miguu, omba askari wa uhifadhi mwenye silaha.

Wageni wengi huzunguka kutwa wakimtafuta simba. Ushauri wangu ni kuzima injini asubuhi kando ya Mwagusi, mmojawapo wa mito ya mchanga, na kusubiri. Tembo huja kwenye mchanga mkavu, huchimba kwa mguu wa mbele na mkonga, kisha husimama kimya shimo likijaa taratibu, na hunywa maji yakishatulia. Akiondoka, nyani na kanga hulivamia shimo lilelile. Simba naye analijua hilo. Ruaha ni mahali ambapo pori la miombo la kusini linakutana na vichaka vya migunga vya Afrika Mashariki, ndiyo maana tandala mkubwa na tandala mdogo wote wanapatikana hapa, pamoja na palahala na korongo, ambao ni swala wakubwa, na mbwa mwitu. Palahala ni wa bahati, kwa hiyo usimwahidi mtoto.

Hatua ya tano: kutoka

Kibali huhesabiwa kwa saa 24, hivyo panga kufika getini kabla ya saa uliyoingilia, la sivyo utalipia siku nyingine. Anayeendelea kuelekea Mbeya apitie Isimila, takriban kilomita 20 kutoka Iringa mjini, penye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za kale zilizogunduliwa mwaka 1951. Kushuka korongoni kunahitaji viatu vizuri na kofia, kwa sababu kivuli ni kidogo.