Kuandika wasifu wa Mchungaji Owen Lovejoy bila kumchanganya na kaka yake

Kosa la kwanza huwa kwenye mstari wa kwanza: kumwita waziri. Neno la Kiingereza analoitwa Lovejoy, "minister", lina maana mbili, na mfasiri mwenye haraka hushika ile ya serikalini. Lovejoy, Mmarekani aliyepinga utumwa, hakuwahi kushika wizara. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Kongregesheni mjini Princeton, Illinois, tangu 1838, halafu akawa mbunge. Andika "mchungaji na mbunge". Chombo chake ukiite Baraza la Wawakilishi la Marekani, maana ukiacha "la Marekani" msomaji wa Unguja atafikiria la kwao.

Kabla ya kuandika aya yoyote, chora mistari miwili ya miaka, mmoja wa kila ndugu. Elijah, kaka mtu, aliyezaliwa 1802, ndiye mhariri aliyeuawa na genge la watu mjini Alton, Illinois, Novemba 7, 1837, akilinda mtambo wa kuchapia gazeti lake la kupinga utumwa. Mitambo mitatu ilikuwa imeshaharibiwa kabla ya huo. Owen, mdogo wake, alizaliwa Januari 6, 1811, Albion, Maine. Aliapa mbele ya maiti ya kaka yake kwamba hataiacha kazi ile ya kupinga utumwa. Kiapo hicho ndicho kinachobeba wasifu wote, kwa hiyo usikifiche katikati ya tarehe.

Wasifu wa maneno 600 ugawe hivi: 60 kuzaliwa na masomo, 100 Alton, 250 Princeton, 150 bunge, 40 kifo. Princeton inapewa sehemu kubwa kwa sababu hapo maneno ya mimbarini yaligeuka chakula, malazi na gari la kukokotwa na farasi kwa watu waliotoroka utumwa. Msaada huo ulikuwa sehemu ya kile kilichoitwa "reli ya chini kwa chini" (Underground Railroad). Jina hilo usiliache bila maelezo: haikuwa na reli wala treni, ilikuwa njia ya siri ya nyumba kwa nyumba kuelekea kaskazini. Mwaka 1843 alishtakiwa kwa kuwahifadhi wanawake wawili, Nance na Agnes, akaachiwa huru. Waandike kwa majina. Wasifu unaowaita "watumwa wawili" tu unawanyima kile Lovejoy alichokipigania.

Kisha mpeleke msomaji bungeni, Februari 1859. Kumsaidia mtoro lilikuwa kosa kwa sheria ya nchi ya 1850, naye alisimama akataja anwani yake: anaishi Princeton, robo tatu ya maili mashariki ya mji, na humsaidia kila mtoro anayefika mlangoni kwake akaomba. Badili iwe kilomita 1.2 ukipenda, ila usiufute umbali wenyewe. Ujasiri wake umo humo.

Kwenye sheria, pima maneno. Ya Aprili 16, 1862, iliyowaacha huru watumwa wa Washington, na ya Juni 19 mwaka huohuo iliyopiga marufuku utumwa katika maeneo ambayo hayajawa majimbo, hazikuwa zake peke yake. Andika kwamba alikuwa miongoni mwa waliozipigania.

Pia usichanganye biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Marekani ilikataza kuingiza watumwa tangu 1808, utumwa ukaendelea hadi 1865, kama Zanzibar ilivyofunga soko 1873 na kuuondoa utumwa kisheria 1897.

Mwisho, kagua tarehe ya kifo: Machi 25, 1864, Brooklyn. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyokomesha utumwa, yalipita katika Baraza Januari 31, 1865, kwa hiyo sentensi yoyote inayosema aliyapigia kura ifute.