Artesuneti ya sindano kwa mtoto: jinsi ya kuitoa bila kukosea

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Makosa mengi ya dawa niliyoyaona hayakuanzia kitandani kwa mgonjwa. Yalianzia mezani, wakati wa kuchanganya, muuguzi akiwa na vichupa vitatu mbele yake na kina mama wawili wanamwita. Nimechagua artesuneti, dawa ya malaria kali, kwa sababu kichupa ni kilekile lakini kinatoa dawa ya nguvu mbili tofauti.

Hatua ya 1: Pima uzito mwenyewe. Uzito wa kwenye kadi ya kliniki ni wa siku ile, si wa leo.

Hatua ya 2: Kokotoa dozi kwa kalamu, si kichwani. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4. Kama ukutani kwenu bado kuna chati inayotoa 2.4 kwa wote, ibandueni leo, maana Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha mwongozo mwaka 2015. Mtoto wa kilo 10, basi, anahitaji miligramu 30.

Hatua ya 3: Amua njia kabla ya kuchanganya. Weka mililita 1 ya sodiamu baikaboneti kwenye kichupa cha miligramu 60, tikisa mpaka maji yawe maangavu. Yakibaki na ukungu, tupa. Kwa sindano ya mshipa, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi: jumla 6, kila mililita ina miligramu 10. Kwa sindano ya msuli, ongeza 2 tu: jumla 3, kila mililita ina miligramu 20. Mtoto wetu atapata mililita 3 kwa mshipa. Kwa msuli ni 1.5, ambayo jedwali la dozi huipandisha kuwa 2. (Vipimo hivi ni vya boksi lenye baikaboneti na maji ya chumvi. Mzigo mpya ukija, soma karatasi ya ndani kwanza.)

Usiku mmoja nilichanganya kwa ajili ya msuli kwa sababu kanula ya mtoto, ule mrija wa mshipani, ilikuwa imetoka. Kabla sijachoma, daktari akapata mshipa. Nikavuta mililita 3, kipimo cha mshipa, kutoka kichupa kilekile. Mwenzangu wa zamu akaniuliza, "Sista, mbona kichupa kimeisha?" Kwa mtoto wa kilo 10 kilipaswa kubaki nusu. Nilikuwa nimeshika miligramu 60, dozi mara mbili. Mikono ilinitetemeka. Tangu siku hiyo, njia ikibadilika namwaga yote na kuanza kichupa kipya, hata kama dawa ni chache. Na simchomi mtoto kabla mtu wa pili hajasoma hesabu, bomba la sindano na kichupa kwa macho yake.

Hatua ya 4: Bandika plasta kwenye bomba. Jina la mtoto, dawa, miligramu, njia, saa uliyochanganya. Andaa ya mtoto mmoja, mpe, ndipo urudi mezani. Itumike ndani ya saa moja.

Hatua ya 5: Uliza jina, usilitaje. Ukisema "Huyu ni Doto?", mama aliyekesha siku mbili ataitikia "ndiyo, sista" kwa jina lolote. Sema, "Mama, mwanao anaitwa nani, na jina la baba?" Huku Kanda ya Ziwa mapacha Kulwa na Doto hawakosekani wodini, na mara nyingi wamelala kitanda kimoja. Namba ya kitanda haikusaidii kitu hapo.

Hatua ya 6: Choma, kisha saini. Kwa mshipa, sukuma polepole, mililita 3 hadi 4 kwa dakika. Kwa msuli, paja kwa mbele. Ukisaini kabla ya kuchoma kisha ukaitwa pembeni, mtoto atakosa dozi na faili litasema amepata.

Hatua ya 7: Panga saa ya dozi inayofuata. Ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ya kwanza. Faili linasomeka 08:00, mdomo unasema saa mbili. Ukiisoma 08:00 kama "saa nane", mwenzako anaweza kumchoma mtoto akiwa amechelewa kwa saa sita nzima. Kwenye makabidhiano mimi husema yote mawili, kidole kikiwa kwenye chati: "Doto, artesuneti ya pili, ishirini kamili, yaani saa mbili usiku," na anayepokea zamu anirudishie kwa sauti.