Kupima kama mafunzo ya kuzuia dawa za kulevya shuleni yanafanya kazi

Mwanafunzi anaweza kutaja madhara yote ya bangi na jioni akaivuta. Mpango wa D.A.R.E., wa kuwafundisha wanafunzi kuepuka dawa za kulevya, ulioanzia Los Angeles mwaka 1983 ukiwa na polisi kama walimu, ulipendwa mno. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipitia tathmini za muda mrefu na haikukuta tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Kwa hiyo swali kuu la dodoso liwe hili: katika siku 30 zilizopita umetumia bangi, mirungi, pombe au sigara mara ngapi?

Tafuta shule linganishi, yaani zisizopewa mafunzo, kabla ya kipindi cha kwanza. Gawa makundi kwa bahati nasibu, shule kwa shule, si mwanafunzi kwa mwanafunzi, maana waliofundishwa watawasimulia wenzao wakiwa bwenini. Shule moja dhidi ya moja haitoshi kabisa: mwalimu wa nidhamu akihamishwa tu, hesabu yote imeharibika. Tena wanafunzi wa shule moja hufanana. Ukichukua shule 20 zenye wanafunzi 40 kila moja, na mfanano wao (kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi wanafunzi wa shule moja wanavyofanana) ukiwa 0.02, kokotoa 1 + (39 × 0.02) = 1.78, ambapo 39 ni 40 kutoa 1. Gawanya 800 kwa 1.78: wanafunzi wako 800 wana uzito wa wanafunzi takriban 450 tu wasiofanana hivyo. Kuongeza shule kunasaidia kuliko kuongeza wanafunzi katika shule zilezile.

Dodoso ndiko mambo yanakoharibikia. Kama mwalimu anazunguka kati ya madawati, utapata majibu ya watoto watakatifu. Atoke nje, msimamizi mgeni abaki mbele, na kila mwanafunzi afunge bahasha yake mwenyewe. Badala ya jina, tumia namba ya siri anayoitunga: herufi ya kwanza ya jina la mama, siku aliyozaliwa, herufi ya mwisho ya shule ya msingi aliyosoma. Weka pia dawa moja ya kubuni. Anayedai ameitumia, majibu yake yatiliwe shaka. Vivyo hivyo aliyekiri mwanzoni kwamba amewahi kuvuta, kisha mwakani akasema hajawahi.

Pima kabla ya mafunzo, baada ya miezi 6, na baada ya miezi 12. Kupima wiki ya mwisho ya mafunzo ni kupima kumbukumbu.

Katikati, ingia darasani bila taarifa na uhesabu vipindi vilivyofundishwa kweli. Vipindi 12 kwenye ratiba huwa 5 msimu wa mitihani ukikaribia. Hata hivyo, shule iliyofundisha 5 ibaki katika kundi lake wakati wa uchambuzi; ukiiondoa, unabakiza shule zenye nidhamu tu.

Usishtuke matumizi yakipanda. Umri nao unapanda. Tuseme shule zenye mafunzo zimetoka asilimia 6 hadi 9, na zile linganishi 6 hadi 14: mafunzo yamezuia ongezeko la alama 5 za asilimia (8 kutoa 3), ingawa mkuu wa shule ataona ongezeko tu.

Mwisho, wafuatilie watoro. Walioacha shule au wasiokuwepo siku ya dodoso mara nyingi ndio watumiaji. Ukiwaacha, asilimia itashuka yenyewe, hivyo rudi shuleni angalau mara moja zaidi kuwatafuta, na uripoti waliokosekana kwa kila kundi.