Uvimbe wa mfupa: anza na eksirei, ndipo ufungue MRI

Juzi nilikaa na daktari kijana aliyekuwa amekodolea macho MRI (picha ya sumaku) ya paja kwa saa nzima. Mgonjwa ana miaka 15. Mfupa wote unawaka (unang'aa mweupe), misuli ya pembeni nayo inawaka, na yeye tayari ameandika "sakoma" (saratani ya mfupa au nyama) kwenye karatasi. Nikamwuliza eksirei iko wapi. "Si MRI ndiyo inayoona zaidi?" Inaona zaidi, ndiyo, na hapo ndipo inapokuchanganya. Nimeuandika mpangilio huu kama nilivyomwonyesha siku ile.

Hatua ya 1: Umri na mahali

Jua umri kabla ya kufungua picha yoyote. Osteosakoma, sakoma inayotengeneza mfupa, hupenda vijana wanaorefuka, tena karibu na goti, pale mfupa unapopanuka jirani na sahani ya ukuaji, tabaka la gegedu ambako mfupa hurefukia. Sakoma ya Ewing nayo ni ya watoto na vijana, ila mara nyingi hukaa kwenye shina la mfupa au kwenye nyonga. Uvimbe wa seli kubwa kwa kawaida husubiri sahani ya ukuaji ifunge, kisha husogea hadi kwenye mfupa ulio chini tu ya uso wa kiungo. Mgonjwa akishavuka miaka 40, waza kwanza saratani iliyosambaa kutoka kwingine, au mayeloma, saratani ya uboho.

Hatua ya 2: Eksirei ya pande mbili

Ya mbele na ya ubavu. Ya upande mmoja mimi huirudisha.

Angalia mpaka kwanza. Jaribu kuuzungushia ncha ya kalamu. Kama kalamu inapita bila kusita na ukingo ni mweupe, huo uvimbe unakwenda polepole. Kama mfupa umebunguliwa, vitundu vingi vidogo visivyo na mwanzo wala mwisho, kuna kitu kinakwenda mbio, na inaweza kuwa saratani au maambukizi. Kisha utando wa mfupa: tabaka moja nene iliyotulia haitishi. Tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, miale iliyosimama kama ya jua, au pembetatu ya Codman, yaani utando ulioinuliwa ukakatika ghafla, hizo zinatisha. Mwisho, kilichomo ndani: mawingu meupe ni mfupa unaotengenezwa na uvimbe wenyewe, vijiduara na pinde ni gegedu, na ukungu kama wa kioo kilichopuliziwa pumzi ni tishu ya nyuzi.

Haya yote MRI inayaona vibaya, kwa sababu chokaa kwake ni weusi mtupu.

Ila usiiabudu eksirei. Mfupa hupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla tundu halijaonekana. Maumivu ya usiku yasiyoisha hayafutwi na eksirei safi, hasa ya nyonga au uti wa mgongo, ambako utumbo na kivuli cha viungo vingine huficha mengi.

Hatua ya 3: Andika jibu lako

Sentensi moja ya kusema unadhani ni uvimbe gani, kabla ya MRI. Usiruke.

Hatua ya 4: MRI, kwa ajili ya kupima ulikofika

Hapa ndipo nilipopoteza siku zangu, kwa hiyo nivumilie.

Ifanyike kabla ya kuchukua kinyama cha kupimwa maabara. Sindano ikishapita, damu na maji hutapakaa, na hutajua tena kipi ni cha uvimbe.

Piga mfupa mzima, kiungo hadi kiungo. Radiografa akifunga koili ndogo ya goti (kipokezi cha mawimbi ya MRI) utapata picha nzuri ya goti, na utakosa kidonda kingine kilichorukia juu zaidi katika mfupa uleule.

Sasa urefu. Pima kwenye T1 isiyozimwa mafuta, yaani aina ya picha ya MRI ambayo mng'ao wa mafuta umeachwa. Narudia: T1, isiyozimwa mafuta. Uboho wenye mafuta hung'aa kwenye T1 na uvimbe huwa mweusi, kwa hiyo ukingo unauona. STIR, picha nyingine inayozima mafuta, hung'arisha chochote chenye maji, uvimbe pamoja na maji yanayouzunguka. Miaka ya nyuma niliwahi kupima kwenye STIR na kuandika sentimita 19. Mpasuaji akanipigia kuuliza kama kweli hakuna sehemu ya kuokoa. Nikarudi kwenye T1: sentimita 12. Hizo 7 za katikati yalikuwa maji, na mimi nilikuwa karibu kumkatisha mtu mfupa mzima usio na kosa.

T1 nayo ina mitego yake. Kwa watoto uboho mwekundu ni wa kijivu na unaweza kuuita uvimbe. Linganisha na msuli: uboho mwekundu kwa kawaida hubaki mweupe kidogo kuliko msuli, uvimbe hulingana nao au huwa mweusi zaidi. Ukibaki na shaka, omba picha za fezi mbili, ya kulingana na ya kupingana, zinazolinganisha mawimbi ya maji na ya mafuta. Ishara ikishuka kwenye ya kupingana kwa zaidi ya asilimia 20, kuna mafuta mle ndani, na uwezekano mkubwa ni uboho tu. Gadolinia, dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani, haikusaidii kupima urefu. Itumie kutofautisha kilicho kigumu na kilichojaa maji.

Andika umbali kutoka uso wa kiungo hadi mwisho wa uvimbe. Mpasuaji akishafungua paja haoni uboho, anaona mfupa mweupe na rula yake. Kisha sema kama sahani ya ukuaji imevukwa, kama kiungo kimeingiliwa, na kama mshipa mkubwa wa damu na neva vimeguswa au vimezungukwa.

Hatua ya 5: Eksirei na MRI zikipingana

Kwenye swali la "ni nini?", mimi husikiliza eksirei. Ile ya kijana wa miaka 15 tuliipata kwenye bahasha: gamba la mfupa nene, laini, na katikati yake kitundu kisichofika sentimita moja. Osteoma ya osteoidi, uvimbe mdogo wa mfupa usio saratani. Mwako wote wa MRI ulikuwa maji ya uvimbe mdogo kama punje. Tukamwuliza, akasema huamka usiku kwa maumivu na aspirini humtuliza. CT (eksirei ya vipande) nyembamba ikamaliza ubishi. Ufa wa mchoko wa mkimbiaji hudanganya vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kinyama

Kichukuliwe na timu itakayopasua, au kwa njia waliyoichora wao, maana njia ya sindano itakatwa pamoja na uvimbe. Ukishuku osteosakoma, omba pia CT ya kifua. Mapafu ndiko inakokimbilia kwanza.