Kabla ya mvua za Oktoba: kuzuia maambukizi ya njia ya hewa kati ya watumishi wa hospitali mkoani Kigoma

Mvua zikianza Kigoma, cha kwanza kubadilika wodini ni madirisha. Yaliyokuwa wazi tangu kiangazi yanafungwa, ndugu wa wagonjwa wanasogea ndani kukimbia manyunyu, na watumishi waliokuwa wakinywa chai chini ya mwembe wanajibana kwenye chumba kimoja. Haichukui muda zamu zinaanza kupungukiwa watu. Kazi zinazoelezwa hapa zifanyike Agosti na Septemba, fundi akiwa bado anapatikana na oda ya vifaa ikiwa na muda wa kufika. Zinafaa hospitali ya wilaya, kituo cha afya, hata zahanati ya mwambao wa ziwa yenye watumishi wanne.

Anzeni na chumba cha chai. Wengi huanza na wodi, lakini mtumishi anapoingia kwa mgonjwa anayekohoa huwa macho: barakoa iko usoni, mikono anaitakasa. Akirudi kupumzika anaivua, anakaa bega kwa bega na wenzake watano, wanakula na kuongea kwa nusu saa. Mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza siku moja hadi mbili kabla hajajisikia vibaya, na mwenye virusi vya influenza siku moja kabla. Kwa hiyo mwenzako kuonekana mzima hakukuhakikishii lolote. Suluhisho ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: banda la bati lisilo na kuta, mita 4 kwa 3, lenye mabenchi mawili yanayotazamana. Kila benchi likae watu wanne na si zaidi. Chai inywewe kwa makundi, na ratiba ya makundi ibandikwe ukutani pamoja na ratiba ya zamu. Ripoti ya kupokezana zamu nayo itolewe barazani. Watu kumi kuzunguka meza ndani ya ofisi ya muuguzi ndiyo mkusanyiko mbaya kuliko yote kwa siku nzima. Kwenye chumba cha kulala cha zamu ya usiku, vitanda viachane angalau mita 1, mmoja alaze kichwa upande huu na mwingine upande ule. Gari la wagonjwa litembee vioo vikiwa vimeshushwa, hata kwa safari fupi.

Sasa wodi. Hewa inayopita inaweza kupimwa kwa futi kamba na hesabu ya darasani. Chukueni eneo la madirisha yaliyo wazi upande mmoja na la upande wa pili, mtumie lililo dogo. Zidisheni kwa kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, kisha kwa 0.65, kisha kwa 1000. Mnapata lita za hewa kwa sekunde. Mfano: wodi ina mita za mraba 2 za uwazi kila upande, upepo ni mita 1 kwa sekunde. Jibu ni lita 1300. Wagonjwa wakiwa 12, kila mmoja ana lita 108. Shirika la Afya Duniani linataka angalau lita 60 kwa mgonjwa katika wodi ya kawaida, na 160 katika chumba cha wenye maambukizi ya hewani kama kifua kikuu. Wodi hiyo iko vizuri. Mvua ikinyesha, madirisha yakafungwa na kubaki upenyo wa mita za mraba 0.2, zinabaki lita 130, yaani takriban 11 kwa mgonjwa. Chumba ni kilekile, wagonjwa ni walewale, ila muuguzi wa zamu sasa anavuta hewa waliyokwisha kuipumua wengine. Fanyeni hesabu hii kwa kila chumba, hasa chumba cha daktari cha wagonjwa wa nje, kliniki ya tiba na matunzo (ya wenye VVU), maabara na chumba cha kumbukumbu. Mtunza kumbukumbu hupokea mgonjwa kabla hajapimwa na mtu yeyote, na mara nyingi hukaa nyuma ya kidirisha kwenye chumba kisicho na dirisha la pili.

Nyavu za mbu zibaki. Malaria ya Kigoma haina mzaha, na wavu ukiondolewa mtu atafunga dirisha ifikapo magharibi. Ila wavu uliojaa vumbi la kiangazi huzuia hewa karibu kama ukuta. Ung'oeni, uoshwe kwa brashi na sabuni kabla ya mvua, kisha mara moja kila mwezi.

Mwelekeo wa hewa una uzito kama wingi wake. Washeni ubani au kijiti cha udi katikati ya chumba, mtazame moshi unakwenda wapi. Ukitoka kwenye kiti cha mgonjwa kuja usoni kwa daktari, badilisheni viti: mhudumu akae upepo unakotokea, mgonjwa akae upande hewa inakotokea nje. Mjini na kwenye vijiji vya mwambao jaribio lifanyike mara mbili, mchana na usiku, kwa sababu upepo wa mchana hutoka ziwani na wa usiku hutoka nchi kavu. Mpangilio unaomlinda daktari wa saa nne asubuhi unaweza kumwelekezea makohozi muuguzi wa saa nane usiku. Feni ya mezani iwekwe nyuma ya mhudumu ikielekea dirishani. Feni ya dari kwenye chumba kilichofungwa huzungusha uchafu uleule. Makohozi ya vipimo yakusanywe nje, mahali pa wazi penye faragha, kamwe si chooni, na mtumishi anayeelekeza asimame upande upepo unakotokea.

Barakoa za N95, zile zinazobana uso na kuchuja vijidudu vya hewani, zina kosa moja linalojirudia: watu wanazivaa bila kuzipima. Mpira wa juu ukae utosini, wa chini shingoni chini ya masikio. Waya wa pua ubonyezwe kwa vidole vya mikono yote miwili, maana ukibonyeza kwa mkono mmoja unabaki na pembe inayovujisha. Kisha funika barakoa kwa viganja na upumue nje kwa nguvu. Hewa ikigonga macho, rekebisha waya. Ikitoka mashavuni, kaza mipira. Ndevu haziendani na N95, hata za siku tatu. Mwenye hijabu avae barakoa kwanza, hijabu ifuate, ili kingo ziguse ngozi na si kitambaa. Ikibidi kutumika tena, ihifadhiwe kwenye bahasha ya kaki yenye jina, si mfuko wa nailoni ambao huitunzia unyevu. Iliyolowa, iliyochanika au iliyolegea mipira itupwe. Zisipotosha kwa wote, ziende kwanza kwa watumishi wa maabara na kwa wanaohudumia washukiwa wa kifua kikuu, msafishaji wa wodi yao akiwemo.

Kwa oda, msikadirie kwa macho. Watumishi 40, barakoa mbili za kawaida kwa zamu, siku 30: ni 2400, yaani boksi 48 za hamsini hamsini. Watu sita wa N95, moja kwa siku: 180. Ongezeni robo ya akiba, kwa sababu barabara za mvua huchelewesha mzigo.

Mikono ni habari fupi: vitakasa kwa sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji kwa 40 hadi 60, na ndoo za koki zipewe mtu wa kuzijaza kwa jina, la sivyo zitakauka. Nyuso zinazoguswa sana zioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo klorini. Kwa dawa ya kuondoa madoa ya nguo yenye klorini asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji hutoa asilimia 0.1. Msipulizie klorini hewani wala kwa watu. Huunguza njia ya hewa, na haizuii kifua kikuu, ambacho hakiambukizwi kwa kugusa meza.

Jambo gumu kuliko yote ni mtumishi kukubali kuwa anaumwa. Anakuja na homa kwa sababu anajua asipokuja mwenzake atabeba wodi peke yake, na hilo ni moyo mwema unaowaumiza wote. Pangeni mtu wa akiba kwa kila zamu kuanzia Oktoba, ajue wiki yake mapema. Mwenye homa na kikohozi apige simu kabla hajatoka nyumbani, na matroni asimwombe "aje kidogo tu". Arudi homa ikiwa imekaa mbali saa 24 bila dawa ya kuishusha. Mtumishi yeyote mwenye kikohozi kisichoisha, jasho la usiku au kupungua uzito apimwe makohozi, na wote wachunguzwe kifua kikuu angalau mara moja kwa mwaka: mlinzi, mpishi na dereva pia. Nafasi ya kuhamishwa kutoka wodi ya kifua kikuu itangazwe kwa wote, ili mwenye VVU au mjamzito aichukue bila kuulizwa sababu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja apite wodi zote saa kumi jioni na tena saa tatu usiku, ahesabu madirisha yaliyofungwa na kuuliza kwa nini. Wakisema manyunyu yanafika kitandani, kitanda kisogezwe au bati la juu ya dirisha lirefushwe. Wakisema baridi, blanketi ziongezwe. Wakisema mbu, wavu una tundu, na fundi aje kesho yake.